Anayepokea simu ya shida: ni karani ao ni mwokozi?

Kila mwaka, katikati ya Aprili, Marekani wanafanya juma la kushukuru watu wanaopokea simu za shida. Ni wale wanaoitika mtu akipiga 911 juu nyumba inaungua, mtoto hapumui ao mwizi ameingia. Hiyo desturi ilianza mwaka wa 1981 katika biro ya sheriff wa Contra Costa, California, kisha ikaenea inchi nzima. Wakubwa wanatoa hotuba, wafanyakazi wanakula keki. Lakini nyuma ya keki kuna ugomvi wa miaka mingi. Chama chao, APCO, kinasema serikali inawaita mashujaa kwa mdomo, lakini kwa karatasi inawaandika kama makarani.

Mtu wa Kolwezi, Likasi ao Kamituga anaweza kuuliza: hayo mambo yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Katika mgodi vilevile, kati ya mtu aliyefunikwa na udongo na mtu anayekuja na pauro kuna mtu wa tatu, yule anayeshika redio ao telefone. Akisikia vibaya, waokozi wanaenda pahali pabaya. Akichelewa, wanachelewa wote. Marekani wamelipa bei kubwa kwa kujifunza hilo, na sehemu ya hiyo bei ililipwa na wachimba-migodi na familia zao.

Chama cha watu wa redio

APCO ilizaliwa mwaka wa 1935. Wakati ule polisi walikuwa wanaanza kuweka redio ndani ya magari, na mafundi wa hizo redio walitaka kupatana namna ya kuzitumia. Kazi yao moja iliyojulikana dunia nzima ni zile namba za kusemea, kama « 10-4 », maana yake nimesikia. Redio za zamani zilikuwa na kelele, na nafasi ya kusema ilikuwa fupi. Namba moja ilishika nafasi ya maneno mengi.

Baadaye ikaonekana hasara yake. Kila muji ulijipangia namba zake, na namba moja ilikuwa na maana hii kwa polisi wa hapa na maana ingine kwa wapompie wa pale. Siku ya msiba mkubwa, wakikutana pamoja, hawakusikilizana. Njo maana tangu mwaka wa 2006 serikali ya Marekani inaomba idara zote, zikifanya kazi pamoja, zitumie maneno ya kawaida ambayo kila mtu anaelewa.

Ile 911 yenyewe ilianza mwaka wa 1968. Simu ya kwanza ilipigwa tarehe 16 Februari, katika muji mdogo wa Haleyville, Alabama. Leo inahesabiwa kwamba simu karibu milioni 240 zinapigwa kila mwaka, na vyumba vya kuzipokea ni karibu 6,000. Watu wanaokaa ndani wanafundishwa kuuliza kwanza « uko wapi? » mbele ya kuuliza « kuna nini? ». Sababu ni rahisi: laini ikikatika, ukijua pahali unaweza kutuma watu. Ukijua shida lakini hujui pahali, huna kitu.

Neno moja kwenye orodha

Serikali ya Marekani iko na orodha ya kazi zote za inchi. Katika orodha ya 2018, wapokea simu za shida wamewekwa kwenye kikundi cha kazi za biro, pamoja na masekretere na wale wanaotuma taksi na malori. Polisi na wapompie wako kwenye kikundi kingine, cha kazi za kulinda watu. Ndani ya kikundi hicho cha kulinda kuna pia walinzi wa wanaoogelea na watu wanaovusha watoto wa shule kwenye barabara. Chama kinauliza: kama yule anayevusha watoto analinda maisha, kwa nini yule anayemwambia mama namna ya kufufua mtoto wake asihesabiwe?

Wale waliopanga orodha walijibu kwamba kazi inahesabiwa kufuatana na kile mtu anachofanya, na kazi ya hawa ni kupokea na kutuma, si kwenda kuokoa. Walisema pia kwamba wengi wao hawana ruhusa ya kumwongoza mtu namna ya kutunza mgonjwa. Chama kilikataa hilo kwa nguvu, kwa sababu kila siku wapokea simu wanaongoza watu kwa telefone: weka mikono katikati ya kifua, kandamiza kwa nguvu, hesabu na mimi, usiache mpaka ambilansi ifike.

Kwa sheria, ile orodha ni ya kuhesabu watu paka, haipangi mshahara. Lakini tunajua namna mambo yanavyokwenda. Mtu akiitwa wa biro, ni vigumu aombe pansheni ya mapema, dawa ya akili iliyochoka, ao malipo ya ugonjwa uliotoka kwa kazi. Mwaka wa 2012 watafiti wa Northern Illinois University walionyesha kwamba wapokea simu wanaweza kubaki na alama za mshtuko mkubwa rohoni, hata kama hawakuona damu kwa macho. Wanasikia mtu akikufa, simu inakatika, na ingine inaingia. Texas ilibadilisha sheria yake mwaka wa 2019 na kuwahesabu kati ya waokozi wa kwanza. Mwaka huohuo sheria kwa ajili ya inchi nzima ililetwa mbele ya Congress, na baadaye ikaletwa tena na tena.

Wachimbaji wanajua vizuri ugomvi wa namna hii. Neno lililoandikwa kwenye karatasi ya kazi njo linaamua nani atatunzwa siku ya shida. Mtu anaandikwa « wa siku » wakati anafanya kazi ileile na mwenye mkataba. Akiumia, neno linatolewa kwenye kabati.

Simu iliyongoja lugha

Mmoja wa walioleta hiyo sheria ni Norma Torres, mbunge wa California aliyezaliwa Guatemala. Mbele ya kuingia siasa alifanya kazi miaka mingi akipokea simu za 911 kwa polisi wa Los Angeles. Ameeleza mara nyingi kilichomsukuma. Usiku mmoja aliingiwa na simu ya msichana mdogo wa miaka 11. Ile simu ilikuwa imengoja dakika nyingi kwa sababu hapakuwa mtu wa kutosha mwenye kusema Kispanyola. Wakati Torres alipoipokea, alisikia paka makelele na milio ya bunduki. Mtoto aliuawa. Baada ya hapo Torres na wenzake wakapigana ili muji uajiri watu wengine wenye kusema lugha mbili.

Tusome hilo kwa makini, wandugu. Telefone ilifanya kazi, namba ilifanya kazi, na mtu alikuwepo. Lugha njo ilikosa.

Katika migodi yetu ya shaba na kobalti, mkubwa anaweza kusema Kichina ao Kiingereza, karatasi za usalama ziko kwa Kifaransa, na mwenye kuendesha mashini anawaza kwa Kiswahili, Kiluba ao Kibemba. Siku ya kawaida watu wanasaidiana kwa mikono na kwa kicheko. Siku ya moto, muda wa mikono hauko.

Sago: neno lililopotea njiani

Mfano unaotuuma zaidi ni wa Sago, mgodi wa makaa ya mawe katika West Virginia. Asubuhi mapema ya tarehe 2 Januari 2006, mlipuko ulitokea ndani. Watu 13 walibaki chini. Laini ya telefone ya mgodi iliharibika. Karibu masaa mawili yalipita mbele ya idara ya serikali ya usalama wa migodi kupewa habari, na kikosi cha kwanza cha waokozi kiliingia masaa karibu 11 baada ya mlipuko. Yule mmoja aliyepona aliandika baadaye kwamba walipokezana nyundo wakipiga chuma cha dari ili watu wa juu wasikie. Hakuna aliyejibu.

Usiku wa tarehe 3, waokozi waliwafikia. Walivaa maski za hewa, na sauti yao ilipita kwenye redio, kutoka kituo kimoja mpaka kingine ndani ya shimo, mpaka kufika juu. Walikuwa wamewapata wale watu, na mmoja tu alikuwa anapumua. Juu ikafika habari kwamba 12 wako wazima. Katika kanisa la Sago familia zililia kwa furaha, kengele ikapigwa, watu wakaimba. Wakuu walianza kujua ukweli chini ya saa moja baadaye, lakini familia ziliachwa na furaha ile karibu masaa matatu. Mwishowe ilisemwa: mmoja mzima, 12 wamekufa.

Hakuna aliyesema uongo kwa kutaka. Ile habari ilipita midomo mingi bila kuhakikishwa vizuri kwa kuirudisha nyuma na kuuliza: « Unasema wazima wangapi? Rudia. » Kwa chumba cha 911, kurudia ulichosikia ni sheria ya siku ya kwanza. Katika Sago, watu wa redio walikuwa na moyo na bidii, lakini hiyo kazi haikuchukuliwa kama kazi yenye ufundi wake.

Miezi mitano hivi baadaye, tarehe 15 Juni 2006, Marekani ikatia sahihi sheria mpya inayoitwa MINER Act. Mambo manne ndani yake yanatufaa. Kwanza, mgodi lazima upashe serikali habari ya ajali kubwa ndani ya dakika 15. Pili, mwenye kuchelewa alipangiwa wakati ule faini ya dola 5,000 mpaka 60,000. Tatu, migodi ilipewa miaka mitatu kupanga redio zisizotegemea waya, na njia ya kujua kila mtu yuko wapi chini ya udongo. Nne, serikali lazima iweke mtu wa kusimama na familia, na mtu mmoja anayejulikana wa kutoa habari. Hilo la nne lilitoka moja kwa moja kwa machozi ya lile kanisa.

Na sisi?

Tarehe 27 Juni 2019, udongo ulifunika wacreuseurs katika mgodi wa KOV, karibu na Kolwezi. Hesabu ya kwanza ya waliokufa ilikuwa 19, kisha 36, na baadaye ikapanda kupita 40. Tarehe 11 Septemba 2020, kule Kamituga, maji ya mvua yaliingia katika mashimo ya zahabu na makumi ya watu walikufa. Katika msiba wa namna hii, shida ya kwanza ya familia ni kujua nani alishuka. Kama hakuna daftari kwenye mlango wa shimo, orodha ya wafu inatengenezwa na wajane wanaozunguka kutoka hospitali mpaka morgue.

Hatuwezi kusema tunangoja 911 yetu. Kuwa na numero moja kwa inchi kubwa kama Kongo kunaomba minara, pesa, magari ya kutuma na watu waliofundishwa. Numero bila ambilansi ni kengele bila nyumba. Lakini kuna mambo ambayo hayaombi pesa nyingi, na Code du travail ya 2002 inapanga ndani ya kampuni komite ya usalama na usafi ambamo yanaweza kuulizwa. Madelege wa sendika waulize haya:

Kwa kila équipe, nani anashika redio, ile wengi wanaita motorola, na alifundishwa siku gani? Usiku, nani anaitika, na kwa lugha gani? Je, kuna maneno machache ya shida, kumi ao kumi na tano, ambayo Mchina, Mfaransa na mtu wa Bunkeya wote wanajua kwa maana moja? Habari ya ajali inaandikwa saa ngapi, na nani anaitia sahihi? Familia zitasimama wapi, na nani atazungumza nazo?

Kwa wacreuseurs, coopérative ao chef wa shimo anaweza kuanza na daftari: jina, saa ya kushuka, saa ya kutoka, telefone ya mtu wa nyumbani. Mtu mmoja abaki juu na kazi yake iwe hiyo tu, si kupima mifuko wala kuuza maji. Analipwa sehemu yake kama mwenye kuchimba. Wengine watanung'unika kwamba anakula bila kutoka jasho. Ni maneno yaleyale ambayo wapokea simu wa Marekani wanasikia: huyu amekaa tu kwenye kiti.

Na wewe uliyebaki nyumbani, ukipata habari ya msiba kwa WhatsApp, fanya kama mtu wa 911: rudia, uliza. Nani amesema? Ameona kwa macho ao amesikia? Shimo gani? Mbele ya kumpigia mama wa mtu na kumwambia mtoto wake amepona, ao amekufa, tafuta yule aliyeshika daftari.