Mgonjwa aelezwe hatari za dawa ya picha

MGONJWA anayepigwa picha ya eksirei ya tumbo mara nyingine hunyweshwa uji mweupe wa bariamu salfeti, au hutiwa uji huo kupitia njia ya haja kubwa. Kemikali hiyo huzuia miali ya eksirei, na hivyo umbo la utumbo huonekana bayana. Haiyeyuki majini wala haifyonzwi kuingia katika damu, na ndiyo sababu madaktari wameitumia kwa miaka zaidi ya 100.

Hata hivyo, kutoyeyuka huko ndiko chimbuko la matatizo. Kazi mojawapo ya utumbo mpana ni kufyonza maji. Bariamu ikikawia humo hukauka na kuwa gumu mithili ya saruji, mgonjwa akafunga choo na pengine utumbo ukaziba. Walio hatarini zaidi ni wazee, wagonjwa wasiotembea na wale wenye mazoea ya kufunga choo.

Kwa nadra utumbo hutoboka, na bariamu iliyochanganyika na kinyesi ikavuja ndani ya fumbatio. Hali hiyo yaweza kuua. Ndiyo maana daktari anayeshuku kwamba utumbo umetoboka huchagua dawa ya iodini inayoyeyuka majini. Lakini hata hiyo huweza kumharisha mgonjwa na kumpunguzia maji mwilini.

Mengi ya madhara haya yanazuilika kwa maneno machache. Mgonjwa aambiwe anywe maji kwa wingi, isipokuwa daktari amemkataza, na aulize iwapo anahitaji dawa ya kulainisha choo. Aelezwe kwamba choo cheupe kwa siku chache si ajabu, ila tumbo likivimba na kuuma, akatapika, akapata homa au akashindwa kutoa choo na hewa, arejee hospitalini mara moja.

Kumweleza haya si hisani. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Afya ya mwaka 2017 kinamtaka mhudumu amfahamishe mgonjwa kuhusu manufaa na hatari za uchunguzi, tena, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa. Karatasi ya Kiingereza mkononi mwa mzee asiyejua kusoma haitimizi matakwa hayo.

Serikali za kaunti, ambazo ndizo zinazosimamia hospitali nyingi za umma, zihakikishe hakuna mgonjwa anayeondoka katika chumba cha eksirei bila maelezo haya. Gharama yake ni dakika tano. Gharama ya kuyapuuza ni upasuaji, au kaburi.