Binti akitaka kazi ya hoteli

Mzazi wa Kiwangwa anayelima mananasi hashtuki kijana wake wa kiume akienda mjini kutafuta maisha. Lakini binti akisema amepata kazi ya hoteli Bagamoyo, nyumba haikaliki. Neno la kwanza huwa "uhuni".

Hofu hiyo ina sababu. Zamu za usiku zipo, na wateja wasio na adabu wapo. Ila kumkatalia tu hakumlindi. Wengine huondoka bila kuaga, wakipatwa na shida hawana wa kumpigia simu.

Afadhali mzazi aulize. Mkataba umeandikwa? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi hulipwa nyongeza isiyopungua asilimia 5. Aliye chini ya miaka 18 hapangwi usiku. (Zanzibar ina sheria yake.) Zamu ikiisha saa 6 usiku, nani anamrudisha?

Na masika je? Aprili na Mei wageni hupungua pwani, na vibarua ndio wa kwanza kuambiwa wapumzike. Kisha wenye hoteli wanalalamika kwamba vijana hawadumu kazini. Atadumu vipi asiye na mshahara miezi miwili?

Kabla ya ada, mzazi ahakikishe chuo kimesajiliwa NACTVET, kisha akakione kwa macho. Chuo cha hoteli kisicho na jiko wala kitanda cha kujifunzia kutandika, mwajiri anakijua.