Kolwezi isingoje wengine wayapime mabaki yake

Ujumbe wa simu husafiri kama mwanga ndani ya nyaya za kioo. Ukifika njia panda, mara nyingi hugeuzwa umeme, huelekezwa, kisha hugeuzwa tena mwanga. Hapo muda na nguvu hupotea. Ndiyo maana watafiti wanatengeneza swichi inayoongozwa na mwanga wenyewe: chembe ndogo mno za fuwele huchanganywa na plastiki, na mwale mmoja ukizipiga, njia ya mwale mwingine hufunguka au hufungwa.

Hayo yanahusu nini Lualaba? Baadhi ya fuwele hizo hutengenezwa kwa kadmi na seleni. Seleni nyingi duniani hutoka kwenye tope linalobaki shaba inaposafishwa kwa umeme. Shaba iliyoyeyushwa karibu na Kolwezi ikisafirishwa kabla ya kusafishwa, chochote kilichomo ndani yake huondoka nayo.

Wapo watakaosema swichi hizi bado ni mambo ya maabara. Ni kweli. Lakini betri za lithiamu-ioni zilipoingia sokoni mwaka 1991, nani Kolwezi aliyefikiri kwamba kobalti ingekuja kugombaniwa na dunia nzima? Leo hata mabaki ya Kingamyambo, yaliyomwagwa zamani kama uchafu, yanasafishwa upya kutoa shaba na kobalti. Na mwaka 2024, STL, tawi la Gécamines, ilianza kupeleka Ubelgiji germani iliyotolewa katika mlima wa mabaki wa Lubumbashi. Germani hiyo hutumika katika nyaya za kioo zile zile.

Mwaka 2018 serikali ilitangaza kobalti, koltani na germani kuwa madini ya kimkakati, yanayotozwa mrabaha wa 10%, huku shaba ikitozwa 3.5%. Robo ya mrabaha ni ya jimbo. Lakini kisichopimwa hakitozwi.

Kwa hiyo bunge la jimbo lidai jambo moja: kila shehena na kila rundo la mabaki lipimwe madini yote yaliyomo, si shaba na kobalti tu, na matokeo yatangazwe kwa wananchi. Kazi hiyo wapewe vijana wanaosomea kemia Kolwezi, katika maabara yenye vifaa. Mali ya mtu asiyejua alichonacho, bei yake hupangwa na mnunuzi.