Muhuri wa Ramani na Maji ya Masinga

Wenzangu wa Masinga, sisi ni majirani wa akiba ya maji ya taifa. Bwawa letu lilikamilika mwaka 1981, nalo ndilo la juu kabisa katika safu ya mabwawa ya Seven Forks. Maji yakitoka hapa hupita Kamburu, Gitaru na Kindaruma hadi Kiambere, na kila yafikapo huzungusha mitambo ya stima. Mitambo ya Masinga yenyewe ina uwezo wa megawati 40 tu. Kazi yake kubwa ni kuwawekea wenzake maji ya kiangazi. Mwaka 2009, ukame ulipozidi, maji yalishuka hata mitambo ya hapa ikazimwa.

Basi tutazame jinsi tunavyojenga kando ya akiba hiyo. Katika masoko yetu ploti zinajaa vyumba vya kupangisha: mabati juu bila dari, dirisha moja dogo, na ukuta mrefu umeelekezwa machweo. Nimewahi kupanga chumba cha namna hiyo. Saa nane mchana mabati yanalia kwa joto, mtoto halali, na taa inawashwa ilhali jua liko utosini. Mpangaji ananunua tokeni za stima kulipia kosa lililofanywa kwenye karatasi kabla msingi haujachimbwa. Lau jengo lingelazwa mashariki kwa magharibi, kuta zake ndefu zikatazama kaskazini na kusini, na madirisha yakakabiliana ili upepo upite, sehemu kubwa ya joto hilo isingeingia. Kuligeuza jengo likiwa bado ramani hakugharimu chochote. Likishasimama, haligeuziki tena.

Ndiyo maana nasema jambo hili ni la kaunti. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti upangaji, makazi, na pia usambazaji wa stima na usimamizi wa nishati. Ramani haiwi halali bila muhuri wa kaunti. Mwaka 2012 zilitoka kanuni za kitaifa za kutaka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yaweke mitambo ya jua, na yaliyokuwapo tayari yakapewa miaka mitano. Kanuni za ujenzi za 1968, zilizotungwa kabla bwawa letu halijawazwa na wengi, zimepisha kanuni mpya za 2024. Amri za Nairobi tunazo. Kinachokosekana ni afisa wa kaunti kuitandaza ramani mezani na kuuliza: jua litaingia wapi, na upepo utatokea wapi?

Tusiige tu sheria za nje, lakini. Jiji la New York lilipitisha mwaka 2019 sheria ya kuwekea majengo makubwa kikomo cha gesi chafu, na kikomo hicho kikaanza kufanya kazi 2024. Ni sheria ya watu wanaochoma gesi na mafuta ili wasife kwa baridi. Sisi stima yetu nyingi hutoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji ya mto Tana na upepo. Moshi wa majengo yetu uko kwingine: uko kwenye tanuri la matofali na kwenye jiko la shule.

Hapo ndipo pananiuma. Tanuri moja hula magogo kwa siku kadhaa mfululizo. Miti ikatwapo, kilima hubaki uchi. Mvua ya kwanza huteremsha udongo mwekundu hadi korongoni, na korongo huupeleka bwawani. Udongo ukitua chini, nafasi ya maji hupungua, wala hairudi. Kwa hiyo nyumba tuliyoijenga kwa matofali ya kuchoma inakula maji yaleyale yanayoiwashia taa. Na njia nyingine ipo, mafundi wanaijua: udongo uliochanganywa na saruji kidogo, ukashindiliwa kwa mashine ya mkono, ukaachwa ukomae kivulini. Hauhitaji kuni hata moja. Kaunti iyape upendeleo matofali hayo ya kushindiliwa katika majengo yote inayoyalipia, na kila shule mpya ijengewe jiko la kubana moto lenye bomba la moshi. Wapishi wanaokohoa kila alfajiri ni mama zetu.

Najua mwenye ploti atalalamika kwamba sheria inamwongezea gharama, na malalamiko yake yasipuuzwe. Ukambani tunajua amri isiyosikiliza huishia wapi. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilipotwaa ng'ombe kwa nguvu ili kuwapunguza, Muindi Mbingu, kiongozi wa Wakamba, aliongoza maelfu kwenda Nairobi kwa miguu. Yeye alihamishiwa Lamu, lakini serikali ikaacha kunyang'anya mifugo. Matuta ya kuzuia udongo nayo yaliposukumwa kwa amri yalichukiwa. Yalipochimbwa na vikundi vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi, chini ya viongozi waliojichagulia, yalienea vilimani, na vilima vya Machakos vikarudi kuwa kijani.

Kwa hiyo jengo jipya libanwe tangu ramani, maana hapo gharama ni ndogo. Jengo la zamani lipewe miaka, lianze na dari na madirisha, na mwenye nyumba anayetengeneza apunguziwe ada ya kaunti. Vikundi vya akiba vya kina mama, ambavyo tayari hununua matanki ya maji kwa zamu, vishirikishwe tangu mwanzo katika kupanga masharti haya.

Na ramani ya kwanza kupigwa muhuri kwa masharti hayo iwe ya jengo la kaunti lenyewe, hapa hapa Masinga, milango yake ikiwa wazi, ili fundi wa Ekalakala au Kithyoko aingie saa nane mchana, asimame chini ya paa la jengo hilo, ahisi tofauti kabla hajaambiwa abadilishe lake.