Kazi Ipi Imfaayo Mwana?

Wazazi wengi hutuuliza, “Mtoto asomee kazi gani yenye mshahara mwema, inayokua upesi?” Swali ni jema, lakini neno “upesi” laweza kutupoteza.

Na tutazame makadirio ya serikali ya Marekani ya miaka 2023 mpaka 2033. Mafundi wa vinu vya upepo vya umeme walitazamiwa kuongezeka 60 katika kila 100, kupita kazi zote. Lakini mwaka 2023 walikuwa 11,400 tu. Basi nyongeza yao ni watu 6,800 hivi katika nchi nzima. Wauguzi wa daraja la juu, waruhusiwao kutibu, walitazamiwa kuongezeka 46 katika kila 100, nao ni watu 135,500. Mshahara wa katikati wa muuguzi huyo ulikuwa dola 126,260 kwa mwaka, na wa fundi 61,770. Ila muuguzi hana budi kusoma mpaka shahada ya pili. Fundi husoma muda mfupi chuoni.

Kwa hiyo, baba, usiuze ng'ombe kwa kusikia neno moja. Uliza manne: nafasi ni ngapi, mshahara ni kiasi gani, masomo ni miaka mingapi, na mtoto mwenyewe ana moyo wa kazi gani. Bwana wetu alisema habari za mjenga mnara aketiye kwanza kuhesabu gharama. Nasi tuketi tuhesabu, mtoto akiwa kando yetu.