Elki na Milio ya Bunduki
Katika milima ya Colorado, Marekani, yuko elki, mnyama wa jamii ya ayala, ambaye dume lake hufikia kilo 300. Mwezi wa Septemba, wakati wa kupandana, madume hulia na kujitokeza. Huo ndio msimu wa upinde na mishale. Oktoba huingia bunduki na wawindaji hufurika. Hapo elki hunyamaza, hushinda msituni mchana kutwa, au huvuka uzio na kuingia mashamba ya watu binafsi, ambako mwindaji hathubutu kuingia bila idhini. (Askari wa doria hatashangaa.) Novemba, theluji ikianguka nyingi, njaa huwateremsha mabondeni. Mimi ningechagua Septemba, ijapokuwa upinde wataka kumnyemelea mnyama hadi mita 30 hivi, na wengi hurejea kwa jamaa zao mikono mitupu.