Ghala Likijaa, Mafuta Huenda Wapi?

Huenda Desemba iliyopita ulifunga safari kutoka Nairobi hadi kwenu Masara, kule Migori. Kabla hujatua mzigo, shangazi akakutazama juu mpaka chini akasema, "Kweli Nairobi imekupenda! Umenawiri." Nawe ukafurahi, maana kwetu kitambi huhesabiwa kuwa dalili ya maisha mazuri. Leo hebu tuyapime maneno hayo ya shangazi.

Bila shaka unalijua dero, ghala la Waluo la kuwekea nafaka. Mwilini pia mna ghala, nalo ni tishu za mafuta. Unapokula chapati na samaki wa kukaanga, mafuta ya chakula hicho huingia katika damu. Kwenye kuta za vijishipa vyembamba mna kimeng'enya kiitwacho lipasi, ambacho huyavunjavunja ili seli za mafuta ziyapokee. Homoni ya insulini ndiyo hulihimiza ghala lifungue mlango. Baada ya saa kadhaa, damu husafika.

Je, mtu mnene, mwenye ghala kubwa, hupokea mafuta upesi zaidi? La, hasha! Mwaka wa 2011 watafiti wa Oxford, Uingereza, walichapisha uchunguzi uliolinganisha wanaume wembamba na wenye vitambi. Waligundua kwamba kila kilo ya mafuta ya wenye vitambi ilihifadhi kiasi kidogo zaidi cha mafuta yaliyotoka kwenye chakula. Ghala lililojaa hupata damu haba, na seli zake zilizovimba haziitikii insulini ipasavyo.

Basi mafuta yaliyokosa nafasi huenda wapi? Hukawia katika damu, kisha hujazana mahali yasipostahili: katika ini, misuli na hata kongosho. Hapo ndipo kisukari na maradhi ya moyo hupata njia.

Usidhani haya ni mambo ya ng'ambo tu. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka wa 2022 ulionyesha kuwa wanawake 45 kati ya kila 100 nchini Kenya, wenye umri wa miaka 20 hadi 49, walikuwa na uzito uliopita kiasi.

Ufanyeje basi? Chukua futi ya fundi cherehani ujipime kiuno. Mwanamke akipita sentimita 80, au mwanamume 94, aende hospitalini apimwe sukari na mafuta ya damu. Punguza vyakula vya kukaanga na soda, na utembee kila siku. Habari njema ni kwamba uzito ukipungua hata kidogo, mafuta ya ini nayo hupungua.

Shangazi tusimlaumu. Yeye amekulia mahali ambapo dero lililojaa lilimaanisha watoto hawatalala njaa. Lakini hata yeye anajua kwamba nafaka ikimwagika nje ya dero, huliwa na mchwa.